Msimu Mama Alipoacha Kuniita Mwanangu

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi ni wa upande wa kicheko. Nimekuwa mwoga tangu utoto na sioni haya kulisema, maana wengi wa walionicheka walikuwa wakiogopa vile vile, ila wao walikuwa na masharubu ya kufichia.

Ndiyo sababu katika haya ninayoyaandika hamna jina la mtu. Kwetu Pemba, wakati ule, jina halikuwa kitu cha kumwaga njiani, na jina la mama ndiyo zaidi. Mpiga falaki akipata lako na la mama yako huzihesabu herufi zake, huitafuta nyota yako, na akishaijua nyota ameujua mlango wa kukuingilia. Hivyo tulifundishwa, na mpaka leo sina hakika kama nimeacha kuamini. Mtu akiniuliza jina la mama yangu ofisini, kwanza huangalia nani yuko nyuma yangu.

Timu yetu ya mpira ilikuwa ya Wesha na mitaa ya jirani. Palikuwa na timu ya kwanza na timu ya pili. Timu ya pili ndiyo sisi, vijana wa pale pale, tukicheza peku, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuwafanyisha wakubwa mazoezi na kuufuata mpira ukiingia mikokoni. Timu ya kwanza ilijaa wageni. Kila karafuu zikikaribia kuiva, kamati ilituma mtu Unguja na mwingine Tanga kwenda kuazima wachezaji. Wakishuka gatini tunawapokea, tunawabebea vikapu vyao, wanalala nyumba zetu, wanakula pweza wetu, mama zetu wanawafulia fulana. Wanacheza mechi za kikombe cha mavuno, karafuu zikishakauka wanarudi kwao, na sisi tunabaki na mpira uliochanika mshono.

Mtu wa nje angedhani waliitwa kwa sababu walitushinda mpira. Baadhi yao, kweli. Wengine, wallahi, mpira wa juu walikuwa wakiufumbia macho. Lakini kamati haikuwaita kwa miguu yao. Iliwaita kwa sababu mama zao walikuwa ng'ambo. Hapana mtu kisiwani aliyewajua wanawake wale, kwa hivyo mpiga falaki wa wapinzani hakuwa na cha kuhesabu. Sisi je? Jina la mama yangu lilijulikana mpaka na mbuzi wa mtaani.

Na palikuwa na mfano. Miaka michache nyuma kamati ilimpandisha winga mmoja wa timu ya pili, jirani yetu, kijana mwepesi ambaye ukimkaba unabaki umekaba vumbi lake. Akaanza mechi kubwa vizuri. Kipindi cha pili akawa anakimbia peke yake, hana mtu karibu, akaanguka. Goti likavimba na halikukunjika tena. Hospitali walisema kano imekatika. Mtaani walisema ni jina la mama. Tangu siku hiyo mama yake aliacha kuitika akiitwa kwa jina lake, na yeye mwenyewe akawa anashinda barazani amenyoosha mguu mbele, anasuka makuti. Nilipita pale kila siku kwenda mazoezini, na kila siku niliangalia upande wa pili wa njia.

Mwaka wa habari hii uchaguzi ulileta fujo Unguja na watu wakauawa. Pemba hatukupigana hivyo, lakini tuliogopana. Watu waliswali safu moja na wakitoka msikitini hawasalimiani. Wengine waligomeana maduka, wengine hata mazishi. Msimu wa karafuu ukakaribia na wachezaji wa kuazima hawakuvuka. Wa Unguja walihofia kuja, wa Tanga walikatazwa na wazee wao. Kamati ikabaki na kapteni, golikipa mwenye umri wa kuwa babu, na sisi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa fundi cherehani. Baraza yake ilikuwa ndiyo redio ya mtaa, na mtu akipeleka suruali kutiwa kiraka hurudi na habari za kisiwa kizima. Alikuja kwetu baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa ukumbini anashona mkeka, nami nilikuwa uani nachanja kuni, nasikia kila neno.

"Hodi, Bi."

"Karibu, Mzee. Kaa hapo kibarazani."

Akauliza hali, akauliza kuku, akauliza mvua. Kisha akasema, "Bi, tunamtaka kijana wako. Beki ya kulia. Hatuna mtu."

"Na mie namtaka," mama akajibu. "Na mguu wake nautaka vile vile."

"Nafahamu."

"Hufahamu, Mzee. Weye huna mwana wa kucheza. Yuno jirani hapa namwona kila nikichota maji. Mamake haitiki tena. Basi n'nakwambia hapana."

Fundi akasema neno ambalo lilinifanya niliweke shoka chini. "Bi, jina lake lishatajwa kiwanjani. Vijana wenyewe wametangaza. Wapinzani wetu wa kusini wanajua nani atapanda. Hata asicheze, huko washaanza kumhesabu."

Sikumwona mama, lakini niliusikia ukili ukiacha kupita mkekani. Nilikuwa nataka kucheza timu ya kwanza kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani, na wakati huo huo nilikuwa natamani meli ije hata na wageni wabovu wenye vitambi, waniokoe.

"Sasa tufanyeje?" mama aliuliza.

"Wa kuazima hawapatikani," akasema fundi. "Basi tumfanye yeye wa kuazima."

Akaueleza mpango wake kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa. Baba yangu alikuwa mtu wa asili ya bara, hana ndugu kisiwani, na alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa mtu wa Kiuyu. Alipopata mimba yangu, kabla haijaonekana, alikwenda kwao kujifungua, kama ilivyo ada kwa mzaliwa wa kwanza, akaugua, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi Wesha mimi nilikuwa nimeshaacha ziwa, natembea mwenyewe. Mtaa mzima ulinikuta natembea. Hapana mwanamke wa Wesha aliyeniona nikizaliwa wala nikinyonya. Kwa hivyo, akasema fundi, tutasema kuwa wewe Bi hukumzaa. Mwanamke wa bara aliyekuja kuchuma karafuu alimwacha mtoto huko Kiuyu, akafa, nawe ukamchukua kumlea. Mama yake hajulikani hata jina. Wapige falaki mpaka wachoke.

Mama hakujibu upesi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi alikuwa akiombwa aukane. Mwisho akasema, "Bora waseme si wangu akapona, kuliko waseme wangu nami nikamkanda goti mpaka nife."

"Lakini itabidi ushike, Bi. Usimwite mwanangu. Nje wala ndani."

"Ndani pia?"

"Kuta zina masikio."

Ndivyo nilivyopata namba katika timu ya kwanza. Wengine hupata kwa mashuti.

Fundi aliimwaga habari ile barazani kwake, na ili ikae vizuri akaitilia kiapo. Baada ya hapo ikaenda yenyewe. Jioni wanawake walikaa kuzunguka chungu ya karafuu, wakizichambua vikonyo, na mikono ikiwa kazini midomo nayo haikai bure. Niliwasikia nikipita. "Ndo maana mweusi vile." "Ndo maana kaja nae anatembea." Uongo ule ulikuwa na ushahidi mwingi kuliko ukweli. Ukweli ulikuwa na mama yangu peke yake, naye alikuwa amekaa miongoni mwao, anachambua, ameinamisha kichwa.

Nyumbani alianza kuniita "we kijana". Chakula aliniwekea kile kile, minofu ya samaki aliniachia ile ile, lakini neno lilikuwa limeondoka. Siku za mwanzo nilicheka. Halafu nikaacha. Nilijua ni uongo, nilikuwepo ulipotungwa, shoka likiwa miguuni pangu. Na bado usiku nikilala woga ulinipanda kifuani na kuniuliza: huyu fundi aliwezaje kuupata uongo uliokaa sawasawa hivi, kama haukushonwa juu ya kitu? Mbona mama alinyamaza kwanza? Nilianza kuvitazama vidole vyangu vya miguu na vyake.

Siku moja nilimuuliza. Alikuwa anapepeta mchele. "Mama, mie wako?"

Ungo ukasimama. Alinitazama kwa hofu, kisha akatazama dirishani. "Ukishaacha kucheza ntakujibu," akasema. "Sasa nikikujibu nitakuwa nimekufungulia mlango." Akaendelea kupepeta. Nilitaka kukasirika, lakini niliona mchele ukimwagika chini, na mama hakuwa mtu wa kumwaga mchele.

Siku ya mechi kubwa tulifukizwa ubani, tukanyweshwa kombe, yale maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji, tukaingia kiwanjani mmoja mmoja kwa mguu wa kulia. Wapinzani, watu wa kusini, walikuwa wamefanikiwa kuazima winga mmoja wa Tanga kabla njia haijawa ngumu. Huyo ndiye niliyepewa. Alikuwa na viatu vya njumu, mimi nina vidole vyangu tu. Mara ya kwanza alinipita kama hanioni. Mara ya pili alinipita na kunitazama. Mpira ulipotoka akanisogelea, akaniambia kwa upole kabisa, "Nasikia na wewe ni wa kuazima, bwana mdogo. Kwenu hasa ni wapi?"

Niliangalia pembeni nikamwona yule jirani yetu amekaa kwenye kigoda, mguu mbele. Hapo hapo goti langu la kulia likaanza kuwa zito. Sikugongwa. Lilikuwa zito tu, kama la mtu aliyelala vibaya. Nikajua wamenipata. Nikajua kuwa mahali fulani yuko mtu ana karatasi mbele yake na ameandika jina la mama yangu, lile la kweli, na uongo wetu wote haukufaa kitu. Na ajabu ya hofu ile ni kwamba chini yake palikuwa na furaha kidogo. Kama wamenipata, basi mimi ni wake.

Nilicheza na goti lile zito mpaka mwisho. Sikukimbia tena kumfuata winga, sikuweza. Nilisimama nyuma nikimngoja aje, na kumbe huko ndiko kumkaba. Alizoea mabeki wanaomparamia. Beki aliyeganda kwa woga hakumzoea. Aliniletea mpira miguuni mara kadhaa, nami nikawa nautoa tu, nautupa mbali, huku wazee wanapiga kelele wakidhani nina maarifa. Dakika za mwisho kijana mwenzangu wa timu ya pili akafunga kwa kichwa kwenye kona. Tukashinda. Katika wafungaji na wakabaji wetu wa siku ile hapana hata mmoja aliyekula nauli ya meli.

Kapteni alitukumbatia, akasema miaka yote tulikuwa tumekalia dhahabu. Fundi hakusema hivyo. Alinishika bega akanong'ona, "Umeona? Falaki haikushika." Vijana tulikuwa tumecheza mpira mbele ya macho yake, na yeye aliuona uongo wake tu.

Mama hakuwa amekuja kiwanjani, wanawake hawakuja. Nilimkuta mlangoni. Hakuuliza nani kashinda. Alipiga magoti akanishika mguu wa kulia, akaupapasa toka pajani mpaka kisiginoni, kisha wa kushoto, akaukunja, akaunyoosha. "Umerudi nayo yote miwili," akasema. Nikangoja neno lile. Akainuka, akaenda kunipakulia chakula.

Mwaka uliofuata wageni walianza kuja tena, wachache, lakini kapteni alikataa tuwekwe pembeni, na nikabaki na namba yangu. Maana yake na uongo ulibaki na namba yake. Watu wakauzoea. Watoto waliozaliwa baadaye waliukuta kama walivyoukuta msikiti. Mama alizidi kuniita "we kijana", nami nikazidi kujiambia kwamba nitacheza msimu huu tu, kisha nitaacha, kisha nitapata jibu langu. Vijana wengine wa timu ya pili walianza kupandishwa kwa sababu yetu, na kila aliyepanda mama yake alikwenda kwa fundi kuulizia kama na wa kwake anaweza kushonewa hadithi. Fundi aliwakatalia. Alisema hadithi ikizidi haifanyi kazi.

Homa ilimpata mama masika, mvua ikiwa haikatiki. Siku ya kwanza alisema ni baridi. Siku ya pili hakuinuka. Nilikuwa nimekaa kitandani pake asubuhi, nampa uji kwa kijiko, akausogeza mkono wangu, akanitazama sawasawa.

"Mwanangu," akasema.

Neno nililolingoja misimu yote ile lilinitia hofu kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Nilimjua mama yangu. Asingeufungua mlango ule kama alikuwa anategemea kukaa tena ndani ya nyumba. Nikamwambia anyamaze, asichoke. Akasema tena, "Mwanangu wa kukuzaa mie." Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Jirani aliyekuwa akitusaidia alikuwa uani anateka maji ya mvua. Kabla ya adhuhuri mama akafariki.

Kwetu maiti hangojeshwi. Mtu alitumwa Kiuyu kwa baiskeli kuwaita wajomba zangu, lakini njia zilikuwa tope na shehe akasema azikwe baada ya alasiri. Wanawake wakamwosha, wakamkafini, tukamswalia, tukamchukua. Kaburini ikashikiliwa shuka juu ili maiti ya kike isionekane, na shehe akauliza, kama inavyoulizwa ili washuke wanaume wa karibu ambao ndoa nao ni haramu, "Maharimu wake nani? Waingie."

Nikavua viatu nikasogea. Mzee mmoja wa safu ya mbele, mtu mwema, asiye na ugomvi nami, akasema taratibu, "Shehe, huyu mtoto wa kulea."

Nilidhani watu watacheka. Hapana aliyecheka. Shehe alikuwa mgeni mtaani, kaja mwaka ule. Aliniuliza kwa huruma, "Alikunyonyesha? Akikunyonyesha ni mama yako, ingia." Nikasema kanizaa. Akauliza nani shahidi. Nikatazama zile sura zote nilizokua nazo. Wote walikuwa wamenikuta natembea.

Fundi alikuwepo. Lazima nimpe haki yake: alijitokeza. Uso ulikuwa umemsawijika. "Shehe, yale tuliyatunga sisi, kwa ajili ya mpira," akasema. "Kijana ni wake."

"Mbona uliapa?" yule mzee akamuuliza. "Uliapa barazani, nami nimekaa nangoja kanzu yangu. Sasa tushike kiapo au tushike hili?"

Mvua ilikuwa inarudi, maji yameanza kutiririka ukingoni mwa kaburi. Shehe akaomba radhi, akasema penye shaka tunashika lililo salama. Akachagua wazee watatu wachamungu washuke. Nami nikapewa ncha ya shuka niishike.

Shuka ile hushikwa ili watu baki wasimwone maiti. Niliishika kwa nje. Chini nilisikia wazee wakiambiana mgeuze, msogeze, polepole. Nilijaribu kuwajua kwa sauti ili nikumbuke walikuwa nani. Sikuwajua vizuri hata mmoja.

Mjomba wangu mkubwa alifika tumeshatia udongo, tope limempanda mpaka magotini. Aliomba dua, kisha akanivuta pembeni na kunishika shingo kwa mikono miwili kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo nikienda kwao. Aliuliza jambo moja tu, jambo ambalo kila ndugu aliyekosa maziko huliuliza.

"Nani kamteremsha mamako?"

"Watu wa kuazima, mjomba," nikamwambia.